Maabara ya mifugo Nakuru: inafaa kwa vimelea vya ndege wa porini?

Maabara hii ya binafsi iliyoko mjini Nakuru inajulikana zaidi kwa wafugaji wa kuku wanaotaka kujua upesi kwa nini vifaranga vyao vinahara damu. Kazi niliyoipeleka mimi ilikuwa tofauti: kinyesi cha ndege aina ya shore walionaswa kwa nyavu pembezoni mwa msitu wa Kakamega na kuachiliwa, ambamo tulishuku kuna koksidia (vimelea vidogo sana vya utumbo) wa jenasi ya Isospora asiyewahi kuelezwa kisayansi.

Mapokezi yalinipendeza. Mhudumu alitaka kwanza kuona kibali cha utafiti, kisha akauliza iwapo kinyesi kilikusanywa asubuhi au alasiri. Anayeuliza hivyo anaijua kazi, kwa kuwa ndege wengi wa jamii hii hutoa ookisti, yaani vifuko vyenye ganda ambavyo vimelea hawa hutokea navyo kinyesini, kwa wingi alasiri, na sampuli ya asubuhi yaweza kuonekana safi ilhali ndege ameambukizwa. Zetu zilikuwa za alasiri, zikiwa zimehifadhiwa katika potasiamu daikromati ya asilimia 2.5 ili ookisti zikomae. Mafundi walizichanganya na maji mazito ya sukari ili zielee, wakazipiga picha kwa lenzi ya mafuta ya mara 100.

Picha hizo ndizo zilizonifanya nisijutie fedha zangu. Ndani ya kila ookisti zinaonekana sporosisti (vifuko vidogo vya ndani) mbili, kila moja ikiwa na sporozoiti (chembe zinazoambukiza) nne, tofauti na Eimeria, koksidia wa kuku, mwenye sporosisti nne za sporozoiti mbili mbili. Hata kifundo cha Stieda, kilichoziba ncha ya sporosisti kama kizibo, kimetoka wazi kiasi cha kuweza kuchorwa.

Ripoti iliyoambatana nazo, kwa bahati mbaya, iliandikwa kwa mazoea ya kuku: "koksidia: wengi", pamoja na ushauri wa kutia dawa katika maji ya kunywa. Shore wa msituni angewekewa chombo wapi? Isitoshe, walikuwa wamepima ookisti chache mno, ilhali maelezo ya spishi mpya huhitaji vipimo vya ookisti nyingi, aghalabu 30 au zaidi, pamoja na uwiano wa urefu kwa upana, umbo la kifundo na hali ya masalio yaliyomo ndani. Nilipolalamika walirudia upimaji bila malipo ya ziada, ingawa nilisubiri sana.

Usomaji wa DNA hawafanyi, na kuhifadhi vielelezo katika makumbusho ni jukumu la mteja mwenyewe. Kwa kazi ya aina hii ninawapa nyota tatu kati ya tano. Atakayewaendea aandike kwenye fomu, tangu siku ya kwanza, idadi ya ookisti anazotaka zipimwe, na adai picha zenye mstari wa kipimo cha mikromita, kwa sababu zangu za awamu ya kwanza hazikuwa nao.