Kliniki ya macho Kisumu, nilienda kuulizia leza

Niko na astigimatizimu, ile shida ya jicho kutokuwa duara sawasawa, taa za boda usiku pale Kondele naziona zimevutika mistari mistari, basi nikaingia kliniki moja hapa town kuulizia hii maneno ya leza, ile mwanga wa kurekebisha macho. Nilipopiga simu risepsheni hawakuniambia lenzi za jichoni zinafaa kutolewa mapema kabla ya vipimo, juu zinabadilisha umbo la konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ikabidi nirudishwe nyumbani. Hapo nimewakata maksi.

Lakini daktari aki alikuwa poa, alinichorea jicho kwa karatasi, konea yako imekaa kama yai badala ya mpira, leza inaipunguza kidogo kidogo hadi ilingane, alafu akanionyesha ramani ya hiyo konea kwa kompyuta, rangi kibao, akasema ikiwa nyembamba sana ama imechongoka hawezi kugusa, na namba ya miwani lazima iwe imetulia. Hakuficha kwamba macho yanaweza kukauka na usiku uone duara kwa taa. Na ukigonga arobaini na kitu miwani ya kusoma itakutafuta tu!

Bei ndio ilinitoa jasho. Kwa sasa nimechukua miwani mpya kwao, naona fiti, fremu tu ndio inafinya masikio.