Jeli ya kupitishia mpira wa mkojo: tulizotumia nyumbani kwa miaka mitano

Mwanangu wa kiume ana miaka tisa. Alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji akiwa bado mchanga, na tangu alipofika miaka minne tunamtoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa nne hivi. Tulianza mimi na baba yake. Mwaka jana akaanza kujipitishia mwenyewe, amekaa ukingoni mwa kitanda, ulimi kautoa kidogo kama anavyofanya akiandika hesabu. Mara tano kwa siku. Tyubu na pakiti nyingi zimepita mikononi mwangu, na najua mzazi anayeanza leo atasimama kaunta ya famasi asijue aombe nini.

Kwetu kuna jambo moja linaloamua yote: mwanangu hasikii vizuri sehemu za chini. Mpira ukimkwangua, halii. Mtoto mwingine angesema "Mama, inauma", ukasimama palepale. Huyu wangu anaendelea kusukuma huku macho yako kwenye katuni. Mpira ukipita mkavu ukamchubua, mimi nitajua baadaye nikiona wekundu kwenye mkojo. Ndiyo maana jeli sibanii, hata mwezi ukiwa mgumu kiasi gani.

Kuna Jumapili tulikuwa Muheza kwa bibi yake, jeli ikaisha, na famasi ya karibu ilikuwa imefungwa. Bibi akaniletea Vaseline kwa nia njema kabisa. Nikapaka, mpira ukapita laini, nikashukuru. Jioni wakati wa kuosha ndipo nikaona: utando mweupe umeganda kwenye yale matundu mawili ya ncha, na maji yanateleza juu yake kama yanavyoteleza kwenye jani la mgomba. Nilisugua kwa sabuni mara tatu. Kliniki nesi akanieleza kwa upole kwamba Vaseline haiyeyuki kwenye maji, na mkojo ni maji, kwa hiyo kinachoingia kibofuni kinaweza kubaki humo na kuwapa vijidudu mahali pa kujishikiza. Mafuta ya nazi, ya kupikia na losheni navyo aliniambia niviache. Tena mafuta hudhoofisha vifaa vya lateksi, yaani vinavyotengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira.

Tangu siku ile kila jeli mpya naijaribu kwenye kisahani kabla haijamgusa mtoto. Naweka tone kama punje ya hindi, namimina maji ya uvuguvugu, nakoroga kwa kidole. Jeli ya maji inalegea, inachanganyika, kisahani kinabaki safi. Ikibaki inaelea vidogovidogo kama mafuta juu ya mchuzi, hiyo siitumii. Jaribio hili halikwambii kama jeli ina vijidudu au kemikali kali, lakini mafuta yanajifichua mara moja.

Nyumbani tunatumia K-Y Jelly ya kawaida ya tyubu. Ni ya maji, haina mafuta wala dawa ya ganzi, na inakaa kwenye mpira bila kuchuruzika kabla mtoto hajajiweka sawa. Soma lebo mpaka mwisho, kwa sababu jina hilohilo liko pia kwenye vilainishi vya faragha vya wakubwa, vingine vya kupasha joto. Vya joto, vya harufu na vya ladha havifai kabisa kwenye njia ya mkojo. Tafuta pia neno "sterile", yaani imeuliwa vijidudu kiwandani, maana si kila tyubu inalo.

Udhaifu wa tyubu ni kwamba ukishaifungua, ule usafi wa kiwandani umekwisha. Hili lilinitia hofu sana mwanzoni, nikawa nachemsha kila kitu. Kilichonituliza ni kujua kwamba njia hii ya nyumbani haidai chumba cha upasuaji. Daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, aliandika mwaka 1972 kuhusu wagonjwa waliojitoa mkojo kwa usafi wa kawaida, na msingi wake ndio tunaofundishwa mpaka leo: nawa mikono kwa sabuni, na usiache kibofu kijae kupita kiasi. Kwa hiyo tyubu iliyofunguliwa ina nafasi yake, mradi mdomo wake usiguse mpira. Mwanangu anatupa tone la kwanza, anakamulia linalofuata kwenye shashi safi, kisha anauzungusha mpira humo mpaka umelowa vizuri kuanzia ncha. Njia ya mkojo ya mvulana ni ndefu kuliko ya msichana, kwa hiyo kupaka ncha peke yake hakutoshi. Tarehe ya kufungua naiandika kwa kalamu juu ya tyubu, na tyubu yake ni yake peke yake.

Shuleni nampa vipakiti vya gramu 5. Ukipiga hesabu ni ghali zaidi ya tyubu, lakini hapa ndipo pesa yangu inapokwenda kwa moyo mmoja. Choo cha shule hakina meza. Anachana kipakiti, anachovya, anatupa, na hakuna kifuniko cha kuangukia sakafuni. Lalamiko langu ni kwamba vingine vina karatasi ngumu, mikono ikilowa havichaniki, na mtoto huishia kutumia meno. Sasa nakata kialama kwa mkasi pembeni, bila kufika kwenye jeli.

Jeli ya ganzi, yaani yenye lidokeini, niliwahi kuuziwa kama vile ni jeli yoyote tu. Kwa mtoto asiyesikia maumivu haina kazi. Kwa anayesikia, inazima ile sauti ya kumwambia asimame, na dawa yenyewe huingia mwilini, kwa hiyo mara tano kwa siku kwa mtoto ni jambo la daktari kupima. Nyingine zina klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na wapo watu wachache wanaopata mzio mkali nayo. Jeli ya ganzi sinunui bila maelekezo ya daktari.

Famasi moja ilinipa chupa kubwa ya jeli ya utrasaundi, muuzaji akisema "ni ileile". Si ileile. Hiyo ni ya kupaka juu ya ngozi. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya jeli ya namna hiyo kukutwa na bakteria. Niliirudisha.

Ipo pia mipira yenye utelezi wake, unaiamsha kwa maji tu. Tuliwahi kupewa boksi moja, ikapita vizuri kuliko yote niliyotaja. Ilipoisha hatukuweza kununua nyingine, tukarudi kwenye Nelaton namba 10, mpira wa kawaida unaohitaji jeli, ule wenye kishikio cheusi.

Na wenzangu wa mgongo wazi, angalieni lateksi. Watoto wetu hupata mzio wake kuliko watoto wengine. Nilidhani jeli ndiyo inamtoa vipele mapajani, kumbe ni glovu zangu. Mipira ya plastiki au silikoni, na glovu zisizo za lateksi, vipele vikaisha.

Mpira ukikataa kupita, msiongeze nguvu wala msidhani jeli nyingi itaulazimisha. Vuta pumzi, subiri, jaribu taratibu mara moja tena. Ukikataa, au damu ikaendelea, au homa ikapanda, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mfuko wake wa Jumatatu nimeshauandaa: mipira mitatu, vipakiti vinne, kimoja cha akiba, sabuni ndogo na shashi.