R13 ya Buffet Crampon: klarineti ya mpingo kwa mpulizaji wa Dar es Salaam

Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa ilianza kutengeneza klarineti aina ya R13 mwaka 1955, kwa usanifu wa Robert Carrée, na mpaka leo wapulizaji wengi wa okestra, hasa nchini Marekani, wanaitegemea. Ndiyo ninayoifanyia kazi hapa Dar es Salaam, nami nawaandikia wenzangu wanaofikiria kuachana na klarineti ya plastiki waliyojifunzia.

Ubora wake hujitokeza pale pale ambapo mwanafunzi huhangaika zaidi. Kwenye saksafoni, ukibonyeza kitufe cha oktavu, kinachopandisha sauti hadi noti ya juu yenye jina lilelile, vidole hubaki palepale na noti hubaki na jina lake. Klarineti, kwa kuwa mrija wake una upana karibu sawa na umezibwa upande wa mdomo, ukibonyeza kitufe kama hicho huruka zaidi ya oktavu, hivyo vidole vilivyotoa F ya chini hutoa C ya juu. Kutoka A ya katikati, ambayo haihitaji kuziba tundu lolote, kwenda B inayohitaji karibu vidole vyote vishuke kwa pamoja, ni njia ambayo mwalimu wangu alinipitisha kila siku, polepole, mpaka sikio likaacha kusikia mshono. R13 huulipa uvumilivu huo: B hutoka nene, yenye rangi ileile ya noti iliyotangulia. B bemoli iliyo chini yake kidogo bado ni hafifu, lakini hilo ni la klarineti kwa jumla, kwani tundu lake dogo hubeba kazi mbili: kutoa noti hiyo na kuirusha klarineti kwenda noti za juu. Nashusha vidole kadhaa vya mkono wa kulia ili kuijaza.

Mwili wake ni mpingo, mti unaoota Kilwa na Lindi, wenye mbao nzito kiasi cha kuzama majini. Najivunia hilo waziwazi. Hata hivyo mbao hizo hupasuka zikibadilishiwa hali ghafla, na hatari ya Dar es Salaam si joto la nje bali ukumbi wenye kiyoyozi kikali, ambako pumzi hulowesha ndani ya mrija huku nje kukikauka kwa baridi. Ikiwa mpya, ipulize kwa dakika chache tu kila siku. Ipashe joto viganjani kabla ya noti ya kwanza, na ukimaliza pitisha kitambaa ndani hadi unyevu uishe.

Bei yake inapita shilingi milioni 10. Kwa anayepuliza ukumbini na studio, nasema inastahili. Anayepuliza na bendi ya gwaride juani namshauri achukue Green LinE ya kampuni hiyohiyo, iliyotengenezwa kwa unga wa mpingo asilimia 95 na nyuzi za kaboni, kwa sababu haipasuki kama mbao na sauti yake iko karibu sana na ya R13.