Abakasi ya Cranmer baada ya mwaka mmoja darasani, Masasi

Ninafundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari wilayani Masasi, mkoani Mtwara, ambako wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu husoma darasa moja na wenzao. Kwa mwaka mzima tumetumia abakasi tatu za Cranmer, vifaa vya kuhesabia kwa shanga, na tathmini hii ninawaandikia walimu na wazazi wanaotaka kujua kama kifaa hiki kinastahili fedha yao.

Kwa umbo ni fremu ndogo inayoshikika kwa kiganja kimoja, yenye nyaya 13. Kila waya una ushanga mmoja juu ya kigawanyo (kijiti kinachokatiza fremu, ambako shanga husogezwa ili zihesabiwe), ambao thamani yake ni tano, na shanga nne chini yake, ambazo kila moja ni moja. Tim Cranmer wa jimbo la Kentucky nchini Marekani, aliyeibuni mwaka 1962, mwenyewe alikuwa haoni, na hilo linadhihirika katika jambo moja dogo: nyuma ya shanga kuna kitambaa kizito kinachozishika zisiteleze. Kwenye abakasi nyingine, mwanafunzi asiyeona anapopapasa ili asome jibu, vidole vyake huzisukuma shanga na jibu hupotea hapo hapo. Kwenye hii, jibu linamsubiri.

Nilimwelewa Cranmer siku niliyompa mwanafunzi wa kidato cha kwanza hesabu ya kujumlisha mipimo miwili ya korosho ya baba yake, kilo 47 na kilo 36. Alianza na makumi, kama kifaa kinavyotaka: kwenye nne akaongeza tatu kwa kushusha ushanga wa tano na kurudisha mbili za chini. Kwenye mamoja, saba na sita zilipovuka kumi, akatoa nne ili aongeze kumi, kwa kuwa sita ni kumi kasoro nne, lakini ile kumi akaisahau. Akasoma 73. Kabla sijasema neno, vidole vyake vilirudi kwenye waya wa makumi, vikapandisha ushanga mmoja, naye akasema taratibu, "Hapana, madam, ni 83." Hakuna kikokotoo kinachozungumza ambacho kingempa nafasi ya kulikamata kosa lake mwenyewe namna hiyo. Ndiyo maana ninakiona kifaa hiki kuwa ni kalamu na karatasi ya rafu ya mtoto asiyeona; anayekokotoa ni yeye.

Faida ambayo sikuitarajia niliipata kwenye fizikia. Tulifunga nati kwenye uzi wa mita moja, tukaiacha ibembee kwenda na kurudi, tukapima muda wa mizunguko 20 mara tatu. Mwanafunzi anayeona alisoma saa, na mwenzake asiyeona akazipanga sekunde 40.1, 40.3 na 39.9 kwenye fremu moja, kila namba ikichukua nyaya tatu na waya mmoja mtupu ukitenganisha, kisha akatafuta wastani. Ni yeye aliyeliambia kundi kwamba mzunguko mmoja unachukua takriban sekunde mbili. Awali, katika majaribio ya namna hii, alikuwa akiketi pembeni akisubiri kusimuliwa.

Kasoro zipo. Iliyo kubwa ni kwamba abakasi haitunzi hatua: mwanafunzi akishafika kwenye jibu, njia aliyopita imefutika, nami siwezi kuona alipoteleza. Tumelazimika kuweka utaratibu wa kusimama kila hatua na kuiandika kwa mashine ya nukta nundu, jambo linalokula muda wa kipindi. Kwa jiometria haisaidii kitu. Huko bado tunategemea ubao wa misumari na mipira ya kufungia. Wakala aliyetuagizia naye alituletea fremu bila kitabu cha maelekezo cha nukta nundu tulichokwisha kukilipia, na tulijifunza kwa kukosea kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Shanga zake ni ndogo mno kwa mtoto ambaye mikono yake haitulii. Tunaye mmoja mwenye mtindio wa ubongo, ambaye kila alipogusa ushanga mmoja alisogeza tatu. Kwa ajili yake nilikwenda kwa mchongaji wa Kimakonde, ambaye alichonga shanga za mninga zenye ukubwa wa kokwa la embe dogo, akazipitisha kwenye spoki za baiskeli, na nyuma tukabandika kipande cha blanketi kuukuu. Abakasi hiyo ina nyaya tano tu, nayo ni nzito, lakini anaitumia bila msaada, na wenzake wanaoona huiazima wanaposhindwa kuelewa kukopa kwenye kutoa.

Kwa shule yenye fedha kidogo, ningeshauri inunue moja ya Cranmer ya kujifunzia namna ilivyoundwa, kisha impelekee fundi wa karibu pamoja na blanketi. Fundi akimaliza, kishike kwanza kitambaa cha nyuma, uhakikishe kuwa ni kizito. Kikiwa chembamba, fundi arudie.