Kitabu cha Workers' PAS: Kipimo Kizuri cha Ujuzi Ambacho Serikali Bado Haikitumii

Kwa fundi aliyejifunza kazi karakanani Katwe au Kisenyi jijini Kampala bila kupita chuoni, huduma ya kupima ujuzi inayotoa kitabu cha Workers' PAS (Practically Acquired Skills, yaani ujuzi uliopatikana kwa vitendo) ndiyo njia bora ninayoijua nchini Uganda ya kuthibitisha anachokiweza. Ilijengwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo wengi wetu twaiita DIT, chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008, na sheria mpya ya 2025 imeweka upimaji wa ufundi mikononi mwa bodi moja ya taifa, UVTAB.

Nimewashuhudia mafundi wa karakana yetu wakipimwa, na nasema bila kusita kwamba kipimo ni cha haki. Fundi hupewa kazi, vifaa na muda, kisha mpimaji husimama pembeni akiangalia anavyojikinga na cheche za kulehemu, anavyopima kabla ya kukata, na kama kitu alichokimaliza kinafaa kumkabidhi mteja. Kitabu chenyewe huorodhesha stadi ambazo mwenye nacho amethibitishwa kuziweza, hivyo mwajiri akikifungua anajua kazi ya kumpa leo na kazi ambayo bado anahitaji kusimamiwa. Shahada, pamoja na heshima yake yote, haimwelezi mwajiri mambo hayo kwa uwazi wa namna hiyo.

Ada na nauli humlemea anayelipwa kwa siku, na anayepimwa hupoteza ujira wa siku hiyo pia. Hata hivyo, kasoro inayonisikitisha zaidi iko nje ya chumba cha kupimia. Mmoja wa mafundi wetu aliomba kazi ya matengenezo katika wilaya moja, akarudishwa kwa sababu tangazo lilitaka stashahada, na hakuna aliyetaka hata kukifungua kitabu chake. Utumishi wa umma bado unapanga vyeo kwa kiwango cha masomo: chifu wa gombolola, yaani kaunti ndogo ndani ya wilaya, lazima awe na shahada, ilhali Katiba ya 1995, katika ibara ya 80, inamtaka mbunge awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Sidai kwamba daktari au mhandisi wa madaraja aajiriwe bila chuo. Nazungumzia mtunza ghala, dereva, fundi wa mabomba na karani wa kumbukumbu, ambao kazi zao zinaweza kupimwa kwa macho na mikono.

Wapo waliokwisha kuanza. Nchini Marekani, jimbo la Maryland liliondoa sharti la shahada kwa maelfu ya kazi zake mwaka 2022, na Januari 2023 gavana Josh Shapiro wa Pennsylvania aliliondoa kwa asilimia 92 ya kazi za serikali ya jimbo lake, yaani nafasi zipatazo 65,000. Lakini kufuta neno kwenye tangazo hakutoshi. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 na Harvard Business School pamoja na Burning Glass Institute, taasisi inayochunguza soko la ajira, uliochunguza kampuni zilizofuta sharti kama hilo, ulionyesha kwamba badiliko hilo liligusa chini ya ajira 1 kati ya kila 700. Mwajiri asipokuwa na kipimo kingine cha kuaminika, huirudia shahada kimyakimya. Hapo ndipo Uganda ina bahati isiyoitumia, kwa kuwa kipimo tunacho tayari, kimetungiwa sheria na kinasimamiwa na taasisi ya umma, ila sharti tumeliacha palepale. Wizara ya Utumishi wa Umma ingeandika katika miundo ya vyeo kwamba kitabu hiki kinakubalika kwa kazi za mikono na kazi ndogo za ofisini, tume za utumishi za wilaya zingelazimika kukisoma.

Kwa fundi anayeuliza kama alipie, jibu langu ni ndiyo, hasa kama anatafuta kazi kwa wakandarasi au viwandani. Aulize mapema ni stadi zipi zitakazopimwa, afanye mazoezi kwa vifaa vya aina ileile, na ahakikishe jina lake linaandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa kabla hajatia sahihi.