Makinda wa tai mweusi na makinda wa bundi: viota viwili, malezi tofauti

Tai mweusi wa majabalini, yule mla pimbi anayeonekana Hell's Gate karibu na Naivasha, kwa kawaida hutaga mayai 2, la pili siku chache baada ya la kwanza. Kwa kuwa huanza kuatamia mapema, kinda wa kwanza hutangulia kula na kupata nguvu. Mdogo akianguliwa tu, anashambuliwa. Kwenye vilima vya Matobo, Zimbabwe, kinda mmoja alihesabiwa akidonolewa na nduguye zaidi ya mara 1,500 ndani ya siku 3, hadi akafa. Na nyama ilikuwepo kiotani! Hilo ndilo linaloniuma: hakuuawa na uhaba wa chakula. Karibu kila mara hubaki mmoja, naye huruka akiwa na miezi 3 hivi.

Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, mkazi wa mapaa na maghala, naye huatamia tangu yai la kwanza, ila mayai mara nyingi ni 4 hadi 7. Panya wakiadimika, wadogo hufa njaa. Lakini ugomvi ni mdogo: wazazi wakiwa mawindoni, mwenye njaa zaidi huita zaidi, wenzake humpisha, na wakubwa pengine huwagawia wadogo panya. Huruka baada ya takriban siku 55.

Mimi namtetea bundi, maana wengi humuua kwa imani za uchawi ilhali familia yake humaliza panya wa ghalani.