Losheni, glisarini na mafuta ya mgando: kipi kinastahili pesa ya nyumba hapa Lamu

Kila chupa inayopangwa kwenye rafu za maduka ya Ndia Kuu imevuka maji. Imeteremshwa Mokowe, ikapakiwa mashuani, ikashushwa gatini, kisha ikaingia mtaani kwa punda au mkokoteni. Nauli hiyo yote iko ndani ya bei, na mzigo mzito hulipiwa zaidi ya mwepesi. Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama za mafuta ya ngozi, awe Langoni, Mkomani au Shela, aanze kwa kuuliza kilichovushwa ndani ya chupa ni nini.

Tumepima vitu ambavyo nyumba nyingi za hapa hununua kila mwezi. Kipimo chetu kikuu ni matumizi ya siku moja kwa mtu mmoja, kwa sababu bei ya chupa peke yake hudanganya.

Losheni

Geuza chupa usome viungo. Huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kikitangulia, na karibu kila losheni huanza na neno "aqua", yaani maji. Mara nyingi maji hayo ni zaidi ya nusu ya chupa. Kinachofanya kazi kwenye ngozi ni vile viungo viwili vitatu vinavyofuata: glisarini, mafuta ya madini, au mafuta ya mimea. Mbele zaidi utakuta "parfum", na hayo manukato kwa kawaida huwa kiasi kidogo sana, asilimia moja hivi au chini. Basi tumia manukato kama mpaka: kiungo kinachotangazwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa, kikiwa kimeandikwa baada ya "parfum", kiko humo kwa jina tu. Losheni ambayo glisarini ni ya pili au ya tatu ni losheni ya kweli. Ile ambayo glisarini inafuata manukato, iache dukani.

Mtu mzima anayejipaka mwili mzima mara moja kwa siku, bila israfu, humaliza mililita 10 hivi. Kwa mwezi ni mililita 300. Nyumba ya watu watano ni lita moja na nusu, na nyingi ya hiyo ni maji yaliyolipiwa nauli.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Gawa bei kwa mililita, zidisha kwa kiasi unachopaka. Tuseme chupa ya losheni ya mililita 200 inauzwa shilingi 300: kila mililita ni shilingi moja na nusu, na mililita 10 za siku ni shilingi 15. Tuseme glisarini tupu ya mililita 100 ni shilingi 250. Mnunuzi hushtuka, maana kila mililita ni shilingi mbili na nusu. Lakini glisarini inayotosha mwili mzima ni mililita mbili na nusu, yaani nusu kijiko cha chai. Siku moja inagharimu shilingi 6 na senti 25. Kilichoonekana ghali ni nafuu kwa zaidi ya nusu. Weka bei za duka lako katika hesabu hiyo kabla ya kuamua.

Losheni haina ubaya wake. Haigandi mwilini, hukauka upesi, na anayekwenda kazini saa mbili asubuhi wakati wa kaskazi atashukuru kuwa nayo. Ila si lazima kila mtu nyumbani apewe chupa yake.

Glisarini

Hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza, mradi itumiwe sawasawa. Glisarini huvuta maji na kuyashika. Ikipakwa tupu kwenye ngozi kavu huwa nzito na ya kunata, vumbi la mtaani linaganda, na pale hewa inapokuwa kavu huvuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Hapo ndipo watu wengi huikatia tamaa na kurudi kwenye losheni.

Njia bora haihitaji kuchanganya wala kuhifadhi. Oga, usijifute. Kung'uta maji kwa viganja tu, mwili ubaki umelowa. Mimina nusu kijiko cha chai kwenye kiganja kilicholowa, sugua viganja viwili pamoja, kisha pitisha mikononi, miguuni na mgongoni. Ngoja dakika mbili, halafu gusagusa na taulo bila kusugua. Ikinata, ama maji yalikuwa machache ama glisarini ilizidi. Punguza kipimo kabla ya kuilaumu.

Anayetaka kuiweka tayari kwenye chupa, achanganye vijiko viwili vya chai vya glisarini na vijiko vinane vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Hapo atapata mililita 50 hivi. Asitengeneze zaidi. Glisarini tupu hukaa muda mrefu bila kuharibika, lakini ikishaongezwa maji mengi hivyo huwa chakula cha vijidudu na kuvu. Siku tatu nje ya friji zinatosha, na ikibadilika harufu au ikifanya ukungu, imwagwe. Marashi ya mawaridi yanafaa badala ya maji ikiwa ni maji ya waridi ya kweli. Mengi yanayouzwa kwa bei ndogo ni maji yenye harufu na spiriti, na spiriti hukausha ngozi, kwa hiyo soma chupa kwanza. Kwenye mipasuko au michubuko glisarini huwasha. Hapo tumia kinachofuata.

Mafuta ya mgando

Robert Chesebrough, mkemia aliyeyapa jina Vaseline, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya mafuta haya Marekani mwaka 1872, na tangu hapo kitu hiki hakijahitaji kuboreshwa. Hakiongezi maji kwenye ngozi, bali huyazuia yasitoke, na kwa kazi hiyo hakuna mafuta ya bei yoyote yanayokishinda. Ndiyo maana kukipaka kwenye ngozi kavu ni kupoteza: unafunga mlango baada ya maji kuondoka. Kipake ndani ya dakika tatu baada ya kuoga. Chukua kiasi cha punje ya mbaazi, kipashe joto kati ya viganja mpaka kiyeyuke, ndipo ukipitishe. Anayechota kwa vidole vitatu hutumia mara nne ya kinachohitajika, na bado nguo humlowa mafuta.

Bei hutofautiana kwa harufu, rangi na picha ya mtoto kwenye kopo. Lisilo na harufu ndilo bora kwa mtoto na kwa mwenye ukurutu, na mara nyingi ndilo rahisi zaidi. Arimis ilitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, na Wakenya wakaigeuza mafuta ya mwili. Kazi ni ile ile.

Mahali pabaya pa mafuta haya ni shingoni na kwenye mikunjo ya mtoto wakati wa kaskazi. Jasho likizibwa, harara hutoka, kisha pesa zinarudi dukani kutafuta poda. Yawekee nafasi yake: visigino, viwiko, midomo, na miguu usiku kabla ya kulala. Kwa watu watano, gramu 250 kwa mwezi zinatosha. Ukiongeza mililita 375 za glisarini, mzigo wote wa nyumba haufiki nusu ya ile lita moja na nusu ya losheni.

Mafuta ya nazi

Hapa hatukubaliani na wanaosema nazi ni bure kwa sababu inaota mlangoni. Nazi moja kubwa iliyokomaa hutoa mililita 60 hadi 80 hivi za mafuta ikipikwa vizuri, na kuna kukuna, kukamua, kuni na nusu siku jikoni. Ikiwa nazi unazinunua, fanya hesabu kwanza.

Anayepika mwenyewe aangalie mwisho wa upishi, kwa sababu hapo ndipo mafuta yanapoharibika. Tui likishatengana, endelea kwa moto mdogo mpaka mlio wa kuchatachata utulie na mashapo yageuke rangi ya kahawia. Mlio ni maji yanayotoka. Ukiepua mapema, maji hubaki ndani na mafuta huvunda kabla ya wiki mbili. Ukichelewa, yanaungua na harufu haitoki tena. Chuja kwa kitambaa kikavu, yatie kwenye chupa iliyokauka kabisa. Tone moja la maji chupani linatosha kuyaharibu.

Kwa anayenunua, kuna jaribio la friji. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mchana wa Lamu huwa maji maji. Yaweke kwenye friji saa mbili. Yaliyo safi huganda yote, meupe. Ikibaki tabaka la mafuta juu lisiloganda, shuku kuwa yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Mwilini na kwenye nywele ni mazuri sana. Usoni, mwenye chunusi ayaepuke, kwa sababu huziba vinyweleo.

Sabuni na maji

Ngozi nyingi kavu za hapa hukaushwa bafuni. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa huifanya sabuni ya kipande isitoe povu, huacha utando mweupe mwilini, na mtu huongeza sabuni mpaka ngozi ikakamae. Sugua sabuni kwapani, kwenye kinena na miguuni. Sehemu nyingine maji yanatosha siku ambazo hujashika uchafu. Maji ya mvua yakipatikana, weka ndoo ya kusuuzia. Sabuni hudumu zaidi ikikaa kwenye kisahani chenye matundu, maana inayolala ndani ya maji huyeyuka bila kutumika.

Vya kukata kabisa

Maji ya kusafishia uso baada ya sabuni, krimu ya macho, krimu ya visigino na krimu ya mikono: kazi zote hizo tayari zinafanywa na glisarini na mafuta ya mgando. Kisuguo cha dukani kinashindwa na kitambaa kibichi. Ndimu ibaki jikoni, isipakwe usoni. Maji ya ndimu yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi ya miezi. Manjano hayaunguzi hivyo, ila huharibu kanga na mashuka, na hiyo ni gharama.

Liwa, yaani msandali wa kusaga, haimo kwenye orodha hii. Kipande kimoja cha mti na jiwe la kusagia hudumu muda mrefu, na unachosaga mwenyewe unakijua. Unga uliokwisha kusagwa huwa hujui umechanganywa na nini. Uliza pia mti umetoka wapi: uvunaji wa msandali wa porini umepigwa marufuku Kenya tangu 2007.

Pesa isiyokatwa: jua

Lamu iko karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na jua lake halina huruma. Nguo ndiyo kinga ya kwanza na nafuu kuliko zote: mikono mirefu, mtandio, kofia pana, mwavuli. Mafuta ya kukinga jua yawe ya mwenye mabaka usoni, nahodha na mvuvi anayeshinda baharini, na mwenye ualbino. SPF, yaani kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa, ikiwa 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, na 50 karibu 98, kwa hiyo usilipe sana kwa tofauti hiyo. Kinachowaangusha watu ni kipimo. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili, karibu mililita moja na robo. Chupa ya mililita 50 kwa kipimo hicho, mara moja kwa siku, huisha kwa siku 40. Iliyodumu nusu mwaka haikumkinga mtu. Usiiache mashuani wala dirishani, joto huiharibu. Wenye ualbino hupewa mafuta haya bila malipo kupitia mpango wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa hiyo familia iulize hospitali ya serikali kabla ya kununua.

Na krimu za kujichubua zisiingie nyumbani kwa bei yoyote. Kopo lisilo na orodha ya viungo, au lenye maneno "mercury", "calomel", "hydroquinone" au "clobetasol", ni hatari. Zebaki hubaki kwenye taulo na mto, ikamfikia mtoto ambaye hakujipaka chochote. Klobetasoli ni dawa ya daktari. Ikipakwa kila siku hukondesha ngozi, na siku ya kuacha uso huwaka moto. Bidhaa ya Kenya yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina namba ya kibali: tuma SM# ukifuatisha namba hiyo kwenda 20023 ujibiwe kama ni halali.

Kununua

Glisarini na mafuta ya mgando yasiyo na harufu tafuta kwanza duka la dawa, ndipo uende duka la vipodozi. Hivi viwili ndivyo pekee vya kununua kwa wingi, kwa mfano mtu wa nyumbani akisafiri Mombasa, kwa sababu haviharibiki upesi. Mafuta ya nazi na ya kukinga jua nunua ya mwezi mmoja. Duka la dawa likikupa "aqueous cream", itumie kama sabuni tu, ujisuuze. Ina kiungo cha kutoa povu kinachowasha, na mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Uingereza walitoa onyo kuhusu kuipaka na kuiacha kwenye ngozi yenye ukurutu.

Siku ya kufungua kopo andika tarehe chini yake kwa kalamu ya wino mzito, na pembeni siku linayotakiwa kuisha. Likiisha mapema, kagua vipimo vya nyumba kabla ya kununua jingine. Mara nyingi mtoto mmoja anachota kwa kiganja, na kijiko kidogo cha plastiki kilichofungwa kwa uzi kwenye kopo kinamaliza tatizo.